Mpokeaji Mpana

Tulimwazia mtu mnene. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kabla sijapotea njia, maana mimi nikieleza jambo hupita vichochoro vingi, na binti yangu husema nikiulizwa saa ngapi huanza na fundi aliyeitengeneza. Tulimwazia mtu mnene, mpana wa mabega na wa tumbo, kwa sababu ya kosa la tafsiri, na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Rafiki yangu mmoja ni Mkongomani. Tulijuana kiwandani Aston, huku Uingereza, tukipanga vipuri vya magari kwenye maboksi, mimi Msomali niliyekulia Mombasa na yeye mtu wa Kivu, na Kiswahili chetu kilikuwa kikigongana kama milango miwili inayofunguka upande mmoja. Mimi nasema mtoto wangu, yeye asema mutoto yangu. Mimi nasema watu, yeye asema bantu. Mwaka wa kwanza nilidhani ananitania. Sasa sote ni wastaafu, yeye huenda kanisani na mimi msikitini, na Jumamosi adhuhuri tunakutana kwenye mkahawa mmoja hapa Ladywood, chini ya maghorofa ninamoishi. Chai yao ni nzuri. Sambusa zao sizisemi, kwa sababu mwenye mkahawa ni jamaa wa marehemu mke wangu.

Basi Jumamosi moja akatuambia kwamba kifungua mimba wake, anayeishi Marekani, aliwahi kucheza mpira mkubwa huko. Si huu wetu. Ule wao wa kofia ngumu na kugongana kama kondoo dume, na mpira wenyewe una ncha mbili kama papai bichi. Tukamuuliza alicheza namba ngapi, maana kwetu mchezaji ni namba: beki namba mbili, mfungaji namba tisa. Akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, imeandikwa kwa Kiingereza. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, na hata hiyo miaka mitatu nusu yake nilikuwa nje nimepigishwa magoti. Nikaichukua karatasi nikampelekea binti yangu. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila hukijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinihurumia, akanitafsiria neno kwa neno. La kwanza ni pana. La pili ni mpokeaji.

Nikarudi mkahawani nikatangaza kama karani wa mahakama: "Mwanao alikuwa Mpokeaji Mpana."

Rafiki yangu akafikiri. "Pana namna gani? Mama yake alikuwa mwembamba."

"Chakula cha Marekani hicho," nikasema.

Kwenye meza ya pili alikuwapo kijana wa Kisomali kutoka Eastleigh. Namwita kijana, lakini ana watoto wanne na ndevu zimeanza kuota mvi. Ni dereva wa teksi, na michezo yote ya dunia ameihifadhi kichwani. Alijua ukweli tangu neno la kwanza, akatuacha wiki mbili nzima tukimsema Mpokeaji Mpana, mara anakaa mlangoni, mara anaziba njia kwa tumbo, huku yeye anacheka ndani ya kikombe.

Alipochoka kucheka ndipo akatueleza. "Adeer," akaniambia, na adeer kwetu ni baba mdogo, "huyo msee hakai mlangoni wala hazibi kitu. Upana ni wa uwanja. Anasimama pembeni kabisa, anatoka mbio, anarushiwa ball, anaishika."

"Anaidaka," nikasema. Kwetu Mombasa kitu kikiwa hewani hudakwa.

"Anaikamata," akasema Mkongomani.

Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Dereva akasema kushika ni kushika tu. Mimi nikasema hapana, kikombe unakishika kimetulia mezani, mwizi unamkamata, lakini kitu kinachoruka unakidaka. Na kupokea ni jambo jingine kabisa. Kupokea ni kuletewa. Barua unapokea, salamu unapokea, mshahara unapokea. Nikajiona nina akili sana siku hiyo. Nikamalizia kwa kusema: "Kwa hiyo kama Wamarekani wenyewe wanamwita mpokeaji, basi kipaji ni cha yule anayerusha. Huyu wetu alikuwa akiletewa tu."

Nilisema kwa mzaha. Rafiki yangu akavaa koti akaondoka, na sambusa yake ikabaki na kidonda kimoja cha jino.

Nilimfuata hadi kituo cha basi. Mvua ilikuwa ile ya hapa, isiyonyesha wala kuacha. Akaniambia jambo ambalo tangu tujuane kiwandani hakuwahi kuniambia, na tulikaa meza moja miaka mingi tukisimuliana hata habari za matumbo yetu.

Vita vilipowatawanya, mkewe alishafariki, na mtoto alikimbia na baba yake mdogo mpaka kambini Tanzania. Yeye aliwapata baadaye sana. Alipofika, karatasi za Marekani za mdogo wake zilikuwa karibu kukamilika, na mtoto yumo katika familia ile. Za kwake hazikuwa zimeanza. Akaulizwa: mtoto aende au abaki nawe? Mtoto alikuwa na miaka tisa. Akasema aende. Miaka ikapita, na zamu yake ilipofika alipangiwa Uingereza. Tangu siku hiyo ya kambini hawakuonana ana kwa ana. Mara karatasi, mara ugonjwa, mara mtoto ana mechi, mara mtoto hapokei simu.

"Sasa sikia," akaniambia, na basi lake likapita hakulipungia mkono. "Kama alikuwa na kipaji ya kweli, basi Mungu alijua, na miye nilifanya vizuri. Kama alikuwa mutu tu kama bantu bote, basi nilipeana mutoto yangu bure. Njo maana nauliza. Siulizi juu ya mupira."

 Nilimwomba radhi. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa yule dereva, nikamwambia anitafutie picha za video za yule mtoto, zote, nizione kwa macho yangu.

Hapa lazima nijieleze, maana utauliza mzee huyu anajua nini. Mpira ule siujui mpaka leo, sheria zake ni nyingi kuliko za mirathi. Lakini mikono naijua. Ujanani nilifanya kazi ya mjengo Mombasa, na tofali tulikuwa hatulipandishi kwa ngazi. Mmoja yuko chini anarusha, mwingine yuko juu kwenye mbao anadaka, na hivyo mpaka ghorofa ya pili. Tofali ukilidaka kwa mkono mgumu linakuvunja kidole. Mkono lazima uende nalo kidogo, urudi nyuma nalo, kama unapokabidhiwa mtoto mchanga. Wengi hawafundishiki. Kulikuwa na bwana mmoja tu kwenye genge letu aliyedaka bila kutazama, anapiga umbea na wapita njia huku matofali yanamfikia mkononi kama kuku waliozoea banda. Aliwahi kuoa wake watatu, na wote watatu walikuwa hawamtazami pia. Lakini hayo tuyaache.

Dereva akafungua simu. Kwanza sikuona kitu, nikaona watu wanagongana. Akarudisha nyuma, akaniwekea kidole kwenye kioo: "Huyu hapa." Mwembamba, mrefu, miguu kama ya twiga. Anatoka mbio kwenye mstari wa pembeni, na mtu anamkimbilia ubavuni akimvuta jezi. Mpira unakuja, na hata mimi nisiyejua kitu niliona umerushwa vibaya, uko nyuma yake. Hakugeuka. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Mkono mmoja ukatoka nyuma, kama mtu anayepapasa swichi ya taa gizani, na mpira ukaja ukakaa mkononi. Haukupiga. Ulikaa. Na kiganja kikarudi nao nyuma kidogo, vile vile, kama vile tulivyofanya na matofali. Wakati huo mwili mzima uko hewani unatoka nje ya uwanja, na dereva akanionyesha kitu kingine: ncha za viatu, zote mbili, zinaburutwa kwenye nyasi za ndani kabla ya bega kuanguka nje. Maana sheria yao ni hiyo, miguu lazima iguse ndani.

Nikamwambia rudisha. Akarudisha. Rudisha tena. Nadhani tulirudisha mara arobaini, mpaka simu ikapata moto. Jicho la mtu huyu lilikuwa mbele, mkono uko nyuma, miguu iko chini inatafuta mstari, na adui amemshika nguo. Nani alikuwa akiviongoza vitu hivyo vyote? Mimi nimeishi miaka mingi na nimeona mambo, nimeona bahari ikipanda hadi sokoni, nimeona mke wangu akijifungua kwenye lori. Lakini siku ile nilisema subhanallah kwa sauti, na watu wakageuka.

"Hiyo ni moja, adeer," dereva akasema. "Moja tu. Wacha nikuambie ukweli. Jamaa alicheza misimu michache, akaumia goti, kwisha. Hakuwa mkali. Alikuwa wa kawaida. Alikuwa anaangusha mipira."

"Aliyedaka hivi hawezi kuwa wa kawaida."

"Kila mtu kule anaweza kudaka hivyo mara moja. Mkali ni yule anafanya kila wiki."

Na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza hasa, ukachukua kipupwe kizima. Yeye na hesabu zake, mimi na mikono yangu. Kusema kweli alikuwa na hoja, nami nilijua ana hoja, ndiyo maana nilikuwa nikipandisha sauti. Rafiki yangu alikaa katikati anakoroga chai. Video hakuwahi kuimaliza. Alisema kila akitazama anaona mtu anampiga mtoto wake, akifumba macho anasikia kishindo, basi afadhali asikie sisi tukibishana.

Mpaka dereva akafanya jambo. Sisemi kwa ubaya, yeye hakujua habari za kituo cha basi, mimi nilizifunga moyoni. Alipata video nyingine. Mtu fulani asiye na kazi alikaa akakusanya mipira yote aliyowahi kuangusha yule mtoto, akaiunganisha, akatia na muziki wa kuchekesha. Dereva akaiweka mezani katikati ya vikombe. "Wazee, ushahidi huu."

Rafiki yangu akatazama. Sijui kwa nini siku hiyo. Mpira ukapita kwenye vidole, ukaanguka. Mwingine ukampiga kifuani, ukaanguka. Watu uwanjani wanazomea, muziki unacheka. Kila baada ya kuangusha, mtoto anasimama peke yake, mikono miwili juu ya kofia, kichwa chini. Ilipokwisha dereva alikuwa anatusubiri tucheke.

Mkongomani akauliza swali moja. "Pale anaposimama peke yake. Nani alienda kumushika bega?"

Dereva akazima simu. Baada ya siku hiyo alikuwa akibishana nami kwa sauti ya chini, kama mtu aliye nyumba ya msiba.

Mwaka huu, baridi ilipoanza kulegea, mtoto akapiga simu kwamba anakuja. Alishuka ndege London akapanda basi la safari ndefu, na sisi watatu tukaenda kumlaki kituoni Digbeth na teksi ya dereva. Rafiki yangu alivaa suti ya kanisani.  Tukasimama kwenye mlango wa kioo, na kila basi lilipoingia alivuta pumzi.

Akashuka. Mrefu kuliko nilivyodhani, na mguu mmoja anauburuta kidogo. Baba na mwana wakasimama, hakuna aliyejua aanzie wapi. Wanaume wawili wazima. Basi rafiki yangu akafanya lile tunalolifanya sote kwetu mgeni anapofika, Mkongomani, Mswahili, Msomali: akaushika mkoba wa mgeni ampokee. Mtoto akauvuta. Hakujua. Huko Marekani mtu akishika mkoba wako kituoni anakuibia, na pia aliona mzee amevaa suti, vipi abebe mzigo? Baba akavuta. Mtoto akavuta. "No, no, baba, ni nzito."

"Lete!"

"Ni nzito, baba."

"Nakuambia lete!"

Watu wakaanza kututazama. Dereva akasema, "Papa, huyu ni mpokeaji, hajazoea kupokelewa," na hata mimi nilicheka, lakini rafiki yangu machozi yalikuwa yamemjaa. Nikamsogelea mtoto nikamwambia polepole: mwachie, baba yako anakupokea. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka harufu ya kitu. Akaachia. Mzee wa watu akaubeba mkoba ule mpaka kwenye gari, mgongo umepinda, hakubali hata dereva amsaidie.

Jumamosi tukawa mkahawani, wanne. Nikagundua jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu yeyote. Kiswahili cha yule bwana kilikuwa cha mtoto wa miaka tisa. Kilisimama pale kambini, hakikukua. Jitu zima, viganja kama sinia, likiomba sukari linasema "nataka sukari mingi" kwa sauti nyembamba kidogo, kama linaiogopa. Nilimtazama nikasahau kunywa.

Dereva alishindwa kujizuia. Alijaribu, nilimwona akijaribu, mguu unacheza chini ya meza. Mwishowe: "Bro, niambie tu ukweli. Ulikuwa mkali, ama ulikuwa wa kawaida? Huyu mzee amenisumbua kipupwe kizima."

Nyuma yetu watu walikuwa wakiagiza wali.  Rafiki yangu aliweka kijiko chini.

"Kulikuwa bantu bazuri kunipita," akasema mtoto. "Bengi."

 Nikamtazama baba mtu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama daktari amemwambia alichokuwa akikijua. Nikataka kueleza habari za matofali, mkono unaorudi nyuma, ncha za viatu. Lakini mtoto alikuwa hajamaliza. Maneno alikuwa nayo machache, akiyatafuta moja moja.

"Lakini kila mupira, miye nalizania baba iko ananiona. Kwa televizyo. Nalikuwa mutoto, nalizania televizyo inafika fasi yote. Hata kisha, nakuwa mukubwa, najua apana. Lakini mikono ilizoea."

 "Sikukuwa na televizyo," akasema rafiki yangu.

"Najua, baba."

"Hata moja ulikamata sikuona. Ata iyi ya simu, nafumba macho."

"Najua."

Basi akasimama, akachukua koti. Nikadhani anaondoka kama siku ile, nami nikajiandaa kumfuata. Lakini alimwambia mwanawe: "Ile mupira uliniletea iko wapi?"

Ulikuwa bado ndani ya teksi. Mtoto alimletea zawadi mpira wa kweli, wa ngozi, na rafiki yangu alitaka kuuweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi. Tukauchukua, tukatoka hadi kwenye nyasi kati ya maghorofa, pale palipo tope kipupwe chote na kibao kinachokataza kucheza mpira. Mtoto akaenda mbali kidogo, anachechemea, akasimama.

Mzee akarusha. Jamani, ule haukuwa mrusho. Uliondoka mkononi kama kuku aliyetupwa juu ya ua, unajipindua, unaenda upande ambao hakuna mtu. Na yule bwana mwenye goti bovu, sijui aliondokaje pale alipokuwa. Nilimwona amesimama, halafu nikamwona mkono umenyooka pembeni na mpira umekaa juu ya vidole, umetulia, umenyamaza. Haukusikika hata mlio. Wa pili ukaenda nyuma yake, akaupata. Wa tatu uligonga tawi kwanza, ukabadili njia, akaupata kwa mkono mwingine, tope limemrukia hadi kwenye sikio. Dereva alikuwa ameshika kichwa. "Wallahi," anasema, "wallahi, adeer, kwenye simu haionekani hivi." Mimi nikakaa kwenye ukuta mfupi. Nalieleza hili na bado sijui niliona nini. Kama huyu alikuwa na wengi waliompita, basi hao wengine ni viumbe gani?

 Rafiki yangu alirusha, akapokea, akarusha. Alivua koti la suti akanipa nimshikie. Jasho lilimtoka.

Kisha akarusha mmoja mzuri. Wa kwanza mzuri, sawasawa kifuani pa mwanawe, mpira ambao hata mimi na vidole vyangu vya baridi yabisi ningeudaka. Mtoto akauangusha. Ulimpita mikononi ukaanguka kwenye tope, akasimama pale pale, mikono ikapanda kichwani.

Dereva akafungua mdomo, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Yule mzee, aliyekaa kipupwe kizima akikoroga chai tukimbishania mtoto wake, alikuwa tayari anakwenda, viatu vya kanisani vinazama topeni, kidole amekiinua.

"Macho kwa mupira!" anapiga kelele. "Weye unaangalia wapi? Unaniangalia miye? Macho kwa mupira, nimesema!"

Akafika, akamshika bega, akamtikisa. Mtoto akateremsha mikono.

"Ndiyo, baba," akasema, akainama kuokota.